Kile kilebo cha mkononi kinatolewa, jamani

Desemba imefika, Wachagga tumerudi nyumbani, na suti nazo zimerudi. Sina ugomvi na suti. Ugomvi wangu ni kile kilebo kilichoshonwa kwenye mkono wa koti, juu ya vifungo, ambacho watu wanakiacha makusudi. Jamani, kinatolewa! Kimeshikizwa kwa nyuzi chache ili mteja akione wakati koti limetundikwa dukani. Ukishanunua unachukua wembe, unakata, basi.

Jumamosi nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara huko Marangu. Nilivaa sweta, maana baridi ya kule juu si ya mchezo. Kijana wa mapokezi akanitazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akanionyesha benchi la nyuma, jirani na masufuria. Haya. Mara akaingia jamaa na lebo inang'aa mkononi. Huyo akapelekwa meza ya mbele, akafutiwa kiti, na ndafu ikamfikia kabla ya mchungaji. Kabla ya mchungaji!

Na koti lile nalijua. Nililijaribu mwenyewe pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, wiki iliyopita, likanibana mabegani. Kwenye bitana lina alama ya pasi, kubwa kama kiganja. Hiyo lebo yenyewe muuzaji aliitoa kwenye kopo la maziwa, akaishona mbele yangu huku akipiga soga.

Nasikia yule jamaa anawaambia wenzake koti ameliagiza Italia. Mimi nikainuka kufuata mtori, nikakuta umekwisha.