Davis Bend na hoja ya "bwana mwema"

Ukigusa habari za utumwa wa pamba kule Marekani hakosekani mtu wa kukwambia jamani si mabwana wote walikuwa wabaya, na mfano unaoletwa sana ni Joseph Davis, kaka yake Jefferson Davis aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga.

Huyu mzee alikuwa na shamba la Hurricane, Davis Bend, Mississippi, na watumwa zaidi ya 300. Na kweli alifanya mambo yaliyowashangaza majirani zake. Mtumwa akishtakiwa hachapwi hivihivi, kesi inasikilizwa na watumwa wenzake, hata nyapara mzungu alete malalamiko yake palepale. Benjamin Montgomery alinunuliwa akatoroka, alipokamatwa Davis akakaa naye kumuuliza shida ni nini, akamwachia asome vitabu vyake, mwisho wa siku jamaa anaendesha duka lake humohumo shambani. Huo upande siupuuzi, aliyeepuka kiboko hawezi kusema ni kitu kidogo.

Sasa, mkubwa wa ile mahakama alikuwa nani? Davis mwenyewe. Montgomery akabuni propela ya boti za kwenye maji mafupi, hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni, akanyimwa kwa sababu mtumwa si raia, akina Davis wakajaribu kuiombea kwa jina lao nao wakagonga mwamba. Halafu 1862, kwenye vita vya kaskazini na kusini, jeshi la kaskazini linakaribia, Davis anakimbia na anataka aondoke na watu wake, wengi wakagoma. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kura yao.

1866, vita vimeisha na watumwa wameachwa huru, Davis akamuuzia Montgomery mashamba kwa dola 300,000, kwa mkopo wenye riba. Wapo wanaosema huo ni wema, na ni kweli wazungu wengi wa kusini wakati ule wasingethubutu kumuuzia mweusi ardhi, ila hebu fikiria, watu waliofyeka lile pori na kuchuma ile pamba bure miaka yote ndio wanaanza kulipia ardhi ileile! Mafuriko yakaja, viwavi, bei ya pamba ikaporomoka, deni likawashinda. Montgomery akafa 1877, mwaka uliofuata mahakama ikampa Jefferson Davis sehemu yake ya mashamba hayo, Brierfield, na 1887 Isaiah, mtoto wa Montgomery, akaenda na wenzake kuanza upya Mound Bayou, mji wao wenyewe weusi hukohuko Mississippi, kwenye pori walilonunua kwa kampuni ya reli, wakashika tena mashoka.