Mathayo 17:21, imefutwa au iliongezwa?

Januari ikifika Dodoma mabango ya mfungo yanajaa, Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala, wengine siku 7 wengine 21 wengine 40 kabisa, na andiko linalopendwa kwenye mabango hayo ni lile la "namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga", Mathayo 17:21. Sasa wiki haiishi, kwenye grupu la WhatsApp la kanisa mtu anatupia skrinshoti ya NIV, Biblia ya Kiingereza cha kisasa, mstari wa 20 halafu moja kwa moja 22, 21 haupo. Hapo ndo panawaka. Mmoja anasema Wazungu wameufuta makusudi ili Wakristo waache kufunga waishiwe nguvu. Mwingine, mara nyingi kijana wa chuo aliyezoea kusikiliza mihadhara ya dini, anajibu si mnaona sasa, kitabu chenu kimechakachuliwa. Mchungaji ambaye ndo admini anafunga grupu, wanaoruhusiwa kuandika ni maadmini tu, mjadala umeisha.

Ila haujaisha, maana hao wawili kila mmoja ana hoja, tatizo hoja zao zinaishia njiani.

Tuanze na ya kufutwa maana hiyo ndo nyepesi. Mathayo hakuandika namba za mistari. Aliyegawa Agano Jipya kwa mistari hii tunayoitumia ni mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551, na Kigiriki alichokuwa anakihesabu ni kile kilichotokana na kazi ya Erasmus, msomi wa Kiholanzi aliyechapa kule Basel mwaka 1516 akitumia nakala chache tu za kuandikwa kwa mkono zilizokuwa karibu naye, nakala za miaka kama 1,000 au zaidi baada ya Mitume. Kwenye hizo mstari wetu ulikuwemo, ukapewa namba 21, King James, Biblia ya Kiingereza ya 1611, ikauchukua hivyohivyo. Nakala za zamani zaidi zimekuja kufanyiwa kazi vizuri baadaye sana. Kubwa kati ya hizo ni Codex Sinaiticus, kitabu cha Biblia kilichoandikwa kwa mkono karne ya 4, ambayo msomi Mjerumani Tischendorf aliikuta kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina kule Sinai, kurasa za kwanza 1844, nyingine nyingi 1859, ikapelekwa Urusi, halafu 1933 serikali ya Stalin ikaiuza kwa Waingereza kwa pauni 100,000. Leo sehemu kubwa ipo London na picha zake zipo mtandaoni, hata wewe ukiwa na bando unaifungua kwenye simu. Nenda Mathayo 17, aliyeandika mwanzo anamaliza maneno ya punje ya haradali anaingia kwenye habari za Galilaya, huo wa kusali na kufunga hakuuandika, ni mtu mwingine aliyekuja kuisahihisha baadaye ndo akauchomeka. Codex Vaticanus, kitabu kingine cha karne hiyohiyo, nayo haina. Kwa hiyo anayesema NIV imeufuta atueleze kamati ya miaka ya 1970 iliingiaje karne ya 4 kufuta.

Na wala huhitaji kwenda London. Fungua Union Version yako, ile ya 1952 iliyojaa majumbani kwetu, utaukuta mstari huo umewekwa kwenye mabano. Halafu nenda Marko 9:29, stori ni ileile ya yule kijana mwenye pepo, Yesu anajibu wanafunzi, na jibu linaishia kwenye kuomba, kufunga hakuna. Wengi tumesoma Biblia hiyo tangu Sunday school na hakuna aliyewahi kutuambia mabano yale ni ya nini.

Maelezo yanayokubalika na wataalamu wengi ni kwamba mwandishi aliyekuwa ananakili Mathayo, Marko anaijua kwa kichwa, alipofika pale akaona kama kuna kitu kimerukwa, akakijaza. Na Marko yenyewe wakati huo ilikuwa imeshaanza kuzunguka ikiwa na "na kufunga". Ukiangalia utagundua sio hapo tu, hata 1 Wakorintho 7:5 na Matendo 10:30 kuna nakala zimeongezewa kufunga mahali ambapo nakala kongwe zinataja sala peke yake. Yani walionakili ni watu wa kufunga, wengi wao watawa, mkono unaandika kile ambacho mwili umezoea kufanya.

Hapa yule kijana wa chuo lazima tumpe haki yake. Maandiko yaliguswa, tena na watu wacha Mungu wenye nia nzuri kabisa. Tofauti kati ya nakala zinakadiriwa kuwa laki kadhaa wakati Agano Jipya la Kigiriki lina maneno kama 138,000 tu. Anayesimama madhabahuni kusema hata nukta haijabadilika anawapa watu kitu kitakachovunjwa na skrinshoti moja.

Lakini kuchakachua ni kitu kingine. Ili uchakachue mafuta lazima tenki liwe mikononi mwako, na hizi nakala hakuna aliyekuwa nazo zote, zilikuwa Misri, Siria, Roma, nyingine zimeshatafsiriwa Kilatini na Kisiria, mtu akiongeza maneno mji mmoja nakala za mji mwingine zinamchoma. Ndivyo tulivyojua kwamba 21 uliongezwa. Zile laki za tofauti nyingi ni tahajia na mpangilio wa maneno, na zinakuwa nyingi kwa sababu nakala zenyewe ni nyingi, ungebaki na nakala moja tofauti zingekuwa sifuri na usingejua kitu. Mfungo wenyewe haujaondoka popote, Mathayo 6 upo, Matendo 13:2-3 upo pale Antiokia wanapofunga ndipo wanawatuma Barnaba na Sauli, na hilo Sinaiticus na Vaticanus zote wanalo. Mwenye bango angeandika hilo asingesumbuliwa na mtu.

Sasa upande wa kanisa nao wana majigambo ambayo hayasaidii. Wanasema nakala za Kigiriki ni zaidi ya 5,000, sawa, ila nyingi zimeandikwa baada ya mwaka 900. Wanaleta kipande cha kale cha Injili ya Yohana kilichopo Manchester, P52, ambacho ukubwa wake ni kama kitambulisho cha NIDA, hakiwezi kubeba hoja yote hiyo. Wengine wanaleta mpaka magombo ya Qumran, yale yaliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi kuanzia 1947, hiyo ni Agano la Kale jamani. Ningekuwa mimi ndo mpinzani ningeachana na laki za tofauti nikabana hapa, kwamba karne ya kwanza hatuna hata ukurasa mmoja, na kilichotokea kwenye miaka ile ya mwanzo hakuna nakala ya kutuonyesha. Ni hoja nzito. Kwangu haitoshi kuiangusha Injili, maana papiri, yaani nakala za kwenye karatasi za mafunjo, za kuanzia kama mwaka 200 zikilinganishwa na zile za karne ya 4 kwa sehemu kubwa ni ujumbe uleule, lakini ni nzito kuliko skrinshoti.

Kuhusu mchungaji kunyamaza, namwelewa. Mama amekuja na mtoto mgonjwa anataka maombi, humwanzishii habari za Erasmus. Tatizo huyohuyo mama ana simu, skrinshoti itamfikia tu, na atakayemweleza atakuwa mwingine. Vyuo vya theolojia wanafundisha haya mambo, na makao makuu ya Chama cha Biblia yapo hapahapa mjini, kwa hiyo sio kwamba elimu iko mbali.

Kwa Mathayo mimi sina shaka, uliongezwa. Kwa Marko siko hivyo. Nakala ya papiri ya P45 iliyopo Dublin, ya karne ya 3, ni kongwe kuliko Sinaiticus, na ingawa imeharibika pale kwenye 9:29, inaonekana "na kufunga" ilikuwemo. Wengi wanasema bado ni nyongeza, na mimi naegemea kwao kwa sababu ni rahisi kuelewa mtu akiongeza neno kufunga kuliko akiliondoa, ila mtu akinibishia kwa P45 sitamwambia hajui anachosema.