Hawapendi shule, eti

Jumamosi, kwenye ubarikio wa mtoto wa rafiki yangu hapa Houston, kaka mmoja alijifuta mafuta ya pilau vidoleni akatoa hukumu: "Shida ya hawa Wamexico, hawapendi shule." Meza nzima ikatikisa vichwa kukubali. Meza ya wahamiaji, jamani! Nikanyamaza kwa heshima ya mwenye shughuli.

Sasa sinyamazi. Jirani yangu ni Mmexico wa aina hiyo, yaani anatoka Honduras (kwetu wote Wamexico, kama sisi tunavyoitwa Wanigeria). Anasafisha ofisi usiku. Januari 2024 alinigongea mlango na binti yake, mzaliwa wa hapa hapa, raia kamili, kompyuta kwapani. Wamekwama kwenye FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa kusoma chuo.

Mnaikumbuka FAFSA ya mwaka ule. Badala ya kufunguliwa Oktoba, ikaja mwisho wa Desemba. Upande wa mtoto ukapita. Upande wa mzazi ukagoma, kwa sababu mama hana namba ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya Marekani. Kisheria hilo si kosa, msaada ni wa mtoto. Mtambo ndio haukuwa na habari. Sisi tuliosumbuka Tanzania na Bodi ya Mikopo na uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA tunaujua ugonjwa huu, ila angalau sisi tulipanga foleni mbele ya mtu.

Wakawa wanakuja saa kumi jioni, kabla mama hajaenda kazini. Simu ya msaada inapiga muziki mpaka inakata. Siku moja likatokea onyo refu, jekundu, la mistari minne. Mama akauliza linasemaje. Binti akalisoma kimya, akamjibu kwa neno moja: "Mañana." Kesho. Hata mimi niliyeokota Kihispania sokoni nililielewa. Ukurasa ule ulikubali Machi.

Hawapendi shule! Familia ya Mendez kule California ilikwenda mahakamani watoto wao walipokataliwa shule ya wazungu, ikashinda 1947, miaka saba kabla ya Brown, kesi iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma Marekani nzima. Mwaka 2000 zaidi ya robo ya vijana wa Kilatino walikuwa nje ya shule bila cheti cha sekondari. Leo hawafiki mmoja katika kumi. Haya, nakubali, wapo wavulana wanaokwenda kuezeka mapaa na baba zao wakiwa na miaka kumi na saba na darasani hawarudi. Kodi ya nyumba haisubiri mahafali. Na wasio na makaratasi, Texas iliwapa ada nafuu ya chuo ya wakazi wa jimbo tangu 2001, ikawanyang'anya Juni 2025. Halafu tunawauliza mbona hawaji.

Na wewe kaka, fomu ya mwanao nilijaza mimi, kwa dakika arobaini. Muda wote ulikuwa sebuleni kwangu unaangalia mpira.