Siku ya Kunyoa Kondoo na Alpaka Si Mashindano ya Kasi

Mfugaji mwenye kondoo kumi na alpaka watatu, wale wanyama wa manyoya wa jamii ya ngamia, hana haja ya kumstaajabia mnyoaji anayemaliza kondoo mmoja kwa dakika mbili. Kasi hiyo ina mahali pake: kwenye mashamba ya maelfu ya kondoo wa sufu wa Merino, ambako kila dakika inayopotea ina gharama. Kwenye shamba dogo hesabu ni nyingine kabisa. Sufu huficha ukondefu, majipu, chawa, vidonda na funza, na siku ya kunyoa ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo mnyama mzima anashikwa, anageuzwa, na ngozi yake inaonekana kuanzia shingoni mpaka kwatoni. Kuipitisha siku hiyo mbiombio ni hasara kubwa kuliko thamani ya sufu yote utakayovuna.

Kazi huanza siku moja kabla, na huanza kwa njaa. Kondoo asile kwa saa 12 hadi 24. Sababu si usafi wa sakafu tu, ingawa nao umo. Kondoo akikalishwa kwa matako huku tumbo limejaa, uzito wa chakula hukandamiza mapafu, anakosa pumzi, anaanza kupiga mateke, na hapo ndipo ngozi inapokatwa. Jike mwenye mimba asizidishe saa 12, kwa kuwa njaa ndefu huweza kumwangusha kwa sumu ya mimba, ugonjwa hatari wa kukosa lishe wakati wa mimba, na akiwa katika wiki za mwisho ni afadhali aachwe mpaka azae. Sufu nayo iwe kavu kwelikweli. Penyeza vidole mpaka kwenye ngozi, kwapani na tumboni. Ukihisi unyevu, ahirisha. Sufu yenye maji huota ukungu ndani ya gunia, na mashine ya umeme juu ya mnyama aliyelowa ni hatari kwake na kwako.

Majeraha mengi anayosingiziwa kondoo mkorofi hutokana na mashine iliyofungwa vibaya. Kitana ndicho kinachoteleza juu ya ngozi, na kisu hucheza juu ya kitana. Ncha za kisu zikae nyuma kidogo, milimita 1 hadi 2, ya pale mchongo wa meno ya kitana unapoanza. Zikisogea mbele zaidi zinafikia ngozi. Zikirudi nyuma sana sufu inakwama. Kaza mpaka mashine ianze kukata, basi. Anayekaza zaidi ili kufidia kisu butu huzalisha joto, na joto hilo huishia kwenye ngozi ya mnyama. Tia mafuta kila mara, kisha gusa kitana kwa kifundo cha mkono: kikikuunguza wewe, kinamuunguza na yeye. Badilisha kisu mara tu kinapoanza kuvuta sufu badala ya kuikata.

Hata hivyo, mwenye wanyama wachache sioni kwa nini aanze na mashine. Mkasi wa kunyolea, ule wa chuma kimoja kilichopinda, haupati joto, hautishi kwa kelele, na huacha sufu fupi kidogo inayomkinga mnyama na baridi na jua. Unachelewesha, ndiyo, lakini kuchelewa huko ndiko kunakokupa nafasi ya kuangalia.

Kondoo hukalishwa kwa matako, mgongo ukiegemea magoti ya mnyoaji, miguu yote minne ikiwa hewani. Akikosa pa kukanyaga, hutulia. Anza na tumbo, kwa sababu sufu yake ni chafu na hutengwa. Fuata mapaja na kinena, mguu wa kushoto wa nyuma, kisha panda shingoni, shuka bega la kushoto, mlaze na upite mgongoni kwa mikato mirefu, umalizie upande wa kulia. Mkono usioshika mashine ndio unaofanya kazi kubwa: huvuta ngozi iwe tambarare mbele ya kitana. Sehemu za kuogopa ni chuchu za jike, uume wa dume, ngozi laini ya kwapani na ubavuni, mikunjo ya shingo, na ule ukano mnene wa nyuma ya mguu juu ya kifundo. Chuchu zifunike kwa kiganja. Na ukiona umeacha sufu ndefu mahali fulani, iache. Kurudia mkato huzaa vipande vifupi vinavyogeuka vifundo wakati wa kusokota, na huharibu sufu nzuri iliyo pembeni yake.

Alpaka ni habari nyingine. Mnyama huyu wa milima ya Andes ana shingo ndefu, hatulii akikalishwa kama kondoo, na akiogopa hutema mate ya kijani yenye harufu kali na kupiga mateke kwa nguvu. Njia iliyozoeleka ni kumlaza juu ya turubai au godoro jembamba, miguu ya mbele na ya nyuma ikifungwa kwa kamba laini na kunyooshwa pande mbili, huku mtu mmoja akishika kichwa tu bila kazi nyingine. Mvutano wa kamba uwe wa kumzuia asijikunje, si wa kumning'iniza. Soksi ikivikwa puani huzuia mate, ila ivuliwe punde anapoachiliwa, na asipumue kwa shida. Alpaka hupenda kugaagaa mavumbini, na mchanga huo humaliza makali ya kisu upesi, kwa hiyo pulizia au pangusa vumbi kwanza na uwe na visu vya akiba. Mafuta ya sufu aliyonayo kondoo, yanayolainisha kitana, alpaka ana kidogo sana. Usizembee mafuta ya mashine.

Asiponyolewa kabla ya msimu wa joto, alpaka anaweza kufa kwa joto, na dume huweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa muda kwa sababu korodani zimepata moto mno. Ukimkuta anahema mdomo wazi, mmwagie maji tumboni na kati ya mapaja. Mgongoni hapana: manyoya yaliyolowa hushikilia joto.

Manyoya yakishatoka, weka mkono kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho. Mifupa ya uti ikichoma vidole, mnyama amekonda, hata kama saa moja kabla alionekana mnene. Huu ni ukaguzi ambao alpaka anauhitaji kuliko kondoo, maana huvumilia ugonjwa kimyakimya mpaka siku anapoanguka. Vuta kope la chini uone utando wa ndani: mwekundu ni salama, uliofifia au mweupe ni dalili ya kupungukiwa damu, na mara nyingi mhusika ni Haemonchus contortus, mnyoo anayenyonya damu tumboni. Mpe dawa anayehitaji. Kuwanywesha wote kwa ratiba kila wakati ndiko kulikoleta minyoo isiyosikia dawa. Papasa tezi za chini ya taya, mbele ya bega na mbele ya paja. Uvimbe mgumu unaweza kuwa ugonjwa wa majipu ya tezi, ambao usaha wake hupita kwenye mikwaruzo ya kunyoa. Ndiyo maana kondoo wachanga hunyolewa kwanza, wenye uvimbe mwisho kabisa, na kitana huchovywa kwenye dawa ya kuua vijidudu kila jipu linapopasuka. Alpaka uwaangalie na meno: yale ya mbele ya chini yakizidi ufizi wa juu hushindwa kukata majani, na madume waliokomaa huota meno makali ya kupigania yanayopaswa kukatwa.

Kwato za alpaka, au kucha ukipenda, punguza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Za kondoo nina ushauri ambao wengi hawaupendi: kata kidogo, na kondoo anayechechemea kwa kuoza kwato usimchonge kabisa. Kuchonga kwato yenye ugonjwa hucheleweshea kidonda kupona. Anachohitaji ni dawa na sakafu kavu.

Usiku wa kwanza ndio wenye hatari. Kondoo aliyenyolewa karibu na ngozi hupoteza joto haraka, na mvua ikichanganyika na upepo huweza kuua kundi zima kabla ya asubuhi. Awe na kinga ya upepo na chakula zaidi ya kawaida kwa wiki mbili. Lakini usiwabane wote chini ya paa moja wakati mikwaruzo bado mibichi, kwa sababu wenye majipu mapafuni hueneza ugonjwa wakikohoa. Chakula hicho cha ziada kiwe cha kondoo. Kile cha ng'ombe kina shaba nyingi, nayo hujikusanya kwenye ini la kondoo mpaka siku moja, bila onyo, anapata manjano na kufa. Alpaka naye yumo hatarini. Dawa ya chawa ya kumwagia mgongoni hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 24 baada ya kunyoa, ila kuogesha kwa kuzamisha kusubiri wiki mbili, mikwaruzo ifunge kwanza, la sivyo maji ya josho yatapeleka vijidudu vya mnyama mmoja kwenye vidonda vya wengine wote.