Sifuri Nukta Sifuri

Kabla hamjamwamini yule jamaa anayesambaza kwamba nilitorokea mlango wa nyuma: nyumba yetu haina mlango wa nyuma. Ungekuwepo ningeutumia.

Mnayajua maisha ya LUKU moja, wapangaji wanne. Mnachanga, mnaingiza tokeni, baada ya siku chache giza, na kila mtu anaapa hajui. Jumamosi nikashuka Kariakoo, nikarudi na mita ya koleo, ile inayobana waya na kukusomea ampia, yaani kiasi cha umeme unaopita, bila kuchubua kitu.

Nikawaita wote koridoni. Kwa uadilifu nikaanza na waya wa chumba changu. 0.00. Nikaiinua juu kama refa na kadi. (Muda huohuo nyuma ya pazia langu kulikuwa na jiko la umeme, lile alilolipiga marufuku mwenye nyumba, limebeba maharage. Sikujiuliza sifuri imetoka wapi. Nilidhani ni rehema. Msicheke bado.)

Nikabana waya wa mama wa chumba cha tatu. 0.00. Na friji lake linaunguruma, sote tunalisikia! Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo watoto sasa wanayaimba: "Mama, wewe unatumia umeme usiopita kwenye waya!"

Mama akanitazama juu mpaka chini, akakaza khanga kiunoni. Mwanawe anayesoma ufundi VETA akaiomba mita kwa adabu.

"Shikamoo kaka. Umebana waya mzima. Ndani kuna unaopeleka umeme na unaorudisha, kwa mita vyote viwili vinafutana. Inabanwa mmoja tu."

Akafungua boksi la breka, akabana mmoja wa kwao: 0.8. Kisha koleo likaanza kuhamia wa kwangu. Taratibu. Nikasema si lazima. Nikasema muda umekwenda. Nikasema betri ya mita ni ya Kichina. Koleo likafunga, *tak*. Namba zikacheza, zikatulia: 6.5.

"Kaka, hii inakaribia wati 1500. Unachaji simu?"

Nikafungua mdomo nijibu, harufu ikanitangulia. Jamani, maharage ya nazi yakiungua hayana siri. Pua moja baada ya nyingine zikageukia mlango wangu.

Jiko limetaifishwa. LUKU ya mwezi huu juu yangu. Jina langu sasa ni Ampia, na mama kila akipita mlangoni anapunguza mwendo:

"Ampia mwanangu, leo tunakula nini?"