Rufaa inayopotea kwa "ni kweli"

Wanaopinga makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa kupatana na upande wa mashtaka kwamba atakiri ili apate nafuu, wana hoja moja kubwa: mshtakiwa anasaini karatasi inayomwondolea rufaa, ilhali Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa haki hiyo. Hoja ina uzito, ila imeelekezwa kusiko. Kabla hata ya marekebisho ya 2019 kuingiza vifungu vya 194A hadi 194H katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, aliyekiri kosa mahakama ya wilaya hakuwa na rufaa ya kupinga hatia. Kanuni hiyo, iliyozoeleka kwa miaka mingi kama kifungu cha 360(1), ilimwachia ukubwa na uhalali wa adhabu tu.

Chukua kijana anayeshtakiwa Mbeya kwa kuvunja duka Mwanjelwa. Anasomewa shtaka, anajibu "ni kweli". Maelezo ya kosa yanasomwa, anayakubali, anatiwa hatiani. Mambo yanaweza kwisha kabla ya saa sita mchana. Utaratibu huo haumlazimishi hakimu kumwonya mapema kwamba jibu lake linafunga rufaa juu ya hatia. Akishafungwa ndipo anaelezwa haki ya rufaa: notisi ndani ya siku 10, sababu za rufaa ndani ya siku 45, zipitie kwa mkuu wa gereza. Anaandika kwamba mashahidi hawakuitwa na kielelezo hakikuletwa. Hayo yote hayasikilizwi, maana alikiri.

Mianya ipo. Uamuzi wa Mahakama Kuu uliomo katika ripoti za sheria za 1983 ulitaja minne: kukiri kwa utata au nusunusu, kukiri kwa kutoelewa, shtaka lisiloonyesha kosa lolote, na maelezo yasiyotosha kuunda kosa. Lakini mianya hiyo huonekana kwenye mwenendo wa kesi ulioandikwa na hakimu tu. Mtu aliyesema "ni kweli nilichukua, lakini aliniachia rehani ya deni" amekana. Kikiandikwa "ni kweli" peke yake, ile "lakini" imezikwa, na huko juu hana cha kuonyesha.

Sasa linganisha na makubaliano. Yanaandikwa na kusainiwa, na kama mkalimani wa Kihehe au Kinyakyusa alitumika, naye anasaini. Mahakama haishiriki majadiliano. Kabla ya kuyasajili inamwapisha mshtakiwa, inamweleza kwamba anaacha kesi kusikilizwa, adhabu ya juu ni ipi, na rufaa itabaki ya adhabu tu. Kwa kuachia hayo anapata kitu: shtaka linapunguzwa au mengine yanaondolewa. Yule wa Mwanjelwa ametoa kilekile na hakupewa onyo wala nafuu ya aina hiyo.

Upande wa wanaopinga nao hauna porojo, hasa unapouliza kama anayesaini makubaliano husaini kwa hiari kweli. Utakatishaji fedha hauna dhamana, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani iliacha zuio hilo lisimame. Septemba 2019, Rais Magufuli alipowapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kukiri na kurejesha fedha, washtakiwa 467 waliridhia kurejesha takribani shilingi bilioni 107.8. Ni wangapi wangesaini wakiwa nje kwa dhamana? Tena mahabusu wa gereza la Ruanda, Mbeya, anaweza kuuza asichokijua. Katika kesi za nyara za Serikali, kama nyama ya wanyamapori, kutoka pembezoni mwa hifadhi ya Ruaha, ambako kifungo kinaweza kuanzia miaka 20, nyama huharibika, hivyo huteketezwa kwa amri ya hakimu na kinachobaki ni fomu inayoorodhesha kilichoteketezwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa fomu ya namna hiyo kwa sababu mshtakiwa hakupelekwa mbele ya hakimu kusikilizwa. Anayesaini kabla wakili hajaiona fomu anaweza kuwa ameitupa kesi ambayo ingeanguka.

Kwa hiyo kinachohitaji kurekebishwa kwenye makubaliano ni muda wa kusaini: ushahidi usomwe kwanza. Onyo la rufaa nalo lihamishiwe pia kwa yule anayekiri bila makubaliano. Kwa sasa, mwenye "lakini" aiseme mpaka hakimu aiandike. Aliyekana anaweza kugeuka na kukiri baadaye. Aliyekiri akitaka kukana lazima aombe kabla adhabu haijatolewa, na mahakama si lazima ikubali.