Kamisheni ya Friji la Shangazi

Shangazi yangu wa Mbagala hanunui kitu kwa papara. Kwa ajili ya kitenge anaweza kuizunguka Kariakoo kutwa, jioni akarudi na nyanya. Kwa hiyo alipotamka mwenyewe kwamba anataka friji, na mimi nimeshajisajili udalali kwenye duka moja la mtandaoni, nikaona riziki imebisha hodi. Friji Sh 1,200,000, kamisheni asilimia 5: elfu 60 bila kubeba hata katoni.

Nikamtumia linki WhatsApp, nikamsimamia kwa simu mpaka akaibonyeza.

"Nimebonyeza, baba. Sasa friji linakuja leo?"

Kwa wasiojua: linki ile ina namba yangu ya uwakala mwishoni. Ukiibonyeza, duka linaacha kwenye kivinjari chako kifaili kidogo, kidakuzi, kinachosema huyu kaletwa na fulani. Ukilipa kikiwa bado hai, fulani anakula. Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, wanakupa saa 24 tu. Duka langu lilitoa siku 7, nikajiona nimependelewa. Mhandisi Lou Montulli alipobuni vidakuzi pale Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1994, hakuwa amekutana na shangazi.

Maana vikao vilianza. Akaulizwa mume, akaulizwa jirani, akaulizwa fundi wa feni. Siku ya sita akaridhika. Nikampigia mbio: "Shangazi, lipa sasa hivi!"

"Nalipa, baba. Binamu yako yuko hapa na simu yangu, ananitafutia kuponi ya punguzo."

Tumbo likavuruga. Maduka mengi humlipa mwenye linki iliyobonyezwa mwisho. Kidakuzi kipya kikiingia, cha zamani hakina chake. Ni sawa na dalali wa nyumba aliyemtembeza mteja juani, akamwonyesha choo na kisima, halafu anayelipwa ni yule aliyemfungulia geti siku ya kuhamia.

Kuponi yenyewe ilipunguza elfu 3. Na linki iliyoileta kuponi hiyo, nilipoikagua, mwishoni ilikuwa na namba ya uwakala ya binamu. Kajisajili juzi tu, baada ya mimi, kwa ufasaha mkubwa, kumfundisha biashara.

Dashibodi yangu, ule ukurasa wa hesabu za wakala: mbonyezo 1, mauzo 0. Yake: elfu 59 na ushee, "inasubiri uthibitisho". Usiku ule akatualika chipsi kuku ukoo mzima, kwa mkopo. Nilikula kwa hasira, na nikaongeza mishikaki.

Friji likaja, likagoma kupita mlango wa jikoni. Fundi akashauri wang'oe fremu. Shangazi akamtazama mpaka akaaga. Likarudishwa dukani. Bidhaa ikirudi, kamisheni inafutwa, na muuza chipsi hajui habari za vidakuzi. Yeye anamjua binamu tu.

Jana shangazi kapiga: "Baba, nitumie tena ile linki yako, safari hii friji dogo."

Sauti ikadakia nyuma yake: "Mama, subiri nikutafutie kuponi!"

Nikakata simu, nikakimbilia daladala ya Mbagala.